Raba za Kumpandia Joka

Jumatatu, 3 Agosti

Nimeshuka kitandani nikakanyaga msumari. Msumari haupo. Ni kisigino changu tu, cha kulia, kama kila asubuhi. Nimekwenda bafuni kwa kushikashika — kabati, kitasa, ukuta, kiti — mpaka nimefika naona aibu mwenyewe. Baada ya chai kinalegea kidogo. Kisha nakwenda saluni nakisimamia kutwa nzima, nasuka vichwa vya watu, jioni kinaanza upya.

Lakini leo kuna habari! Mjukuu wangu, Kiroboto (anaruka, hatembei, jina limemkaa), amekuja mbio mpaka mlangoni kwangu. Baba yake amempima ukutani, peku, rula juu ya kichwa. Amevuka! Mwaka jana kule bustani ya michezo walimrudisha kwenye ule ubao wa kupimia urefu. Alipungukiwa na upana wa kidole. Alilia mpaka aiskrimu ikayeyukia kwenye gauni. Sasa ataruhusiwa kupanda Joka, ile treni kubwa inayopinduka angani.

Ila kuna sharti. Mtoto wa umri wake lazima akae na mtu mzima. Mama yake, binti yangu, ana mimba kubwa, haruhusiwi. Baba yake akipanda stuli kubadilisha balbu anatetemeka, anaomba ashikiwe suruali. Kiroboto akanitazama. Akasema, Bibi, tumebaki mimi na wewe.

Nimesema ndiyo. Kisigino sikukiuliza. Safari ni Jumamosi ya wiki ijayo, na Joka liko mwisho kabisa wa bustani, nyuma ya ziwa. Hakuna gari la kukufikisha. Ni mguu wako tu.

Jumanne, 4 Agosti

Binti yangu amenifuata saluni, kashika kiuno. Eti nisijitese. Eti tukodi kiti cha magurudumu pale getini, na Joka lisubiri mwakani. Mwakani! Mwakani atakuwa na mtoto mchanga mgongoni, na Kiroboto atakuwa ameshajifunza kwamba ahadi za watu wazima ni za kusubiri. Nimemwambia nitatembea. Akasema, haya Mama, wewe na ubishi wako. Ubishi kaurithi yeye wote, mimi sijabakiwa na kitu.

Wateja wamesikia, basi imekuwa baraza. Mmoja: loweka kwenye maji ya moto. Wa pili, povu limemjaa kichwani: maji ya moto? Unataka kumuua? Barafu! Wa tatu: vaa soksi mbili. Wa nne hakuwa na ushauri ila shangazi yake alianza hivyo hivyo. Sikuuliza shangazi aliishia wapi.

Alhamisi, 6 Agosti

Daktari. Kijana mpole, lakini dole gumba lake! Kalibonyeza pale pale penye moto, nikatoa neno ambalo sitaliandika hata humu.

Kasema kuna kama mkanda chini ya unyayo, unatoka kisigino mpaka vidoleni, na wangu umechoka kwa kusimama. Dawa: kunyoosha mguu ukutani asubuhi kabla sijafanya lolote, kuviringisha chupa ya maji ya barafu chini ya unyayo jioni, na viatu vya maana. Akataka kuona ninachovaa kazini. Nikamwonyesha ndala zangu. Kaichukua moja, kaikunja mara mbili kama chapati ya jana. Akauliza, Mama, hiki ni kiatu?

Sasa najua. Kiatu kizuri ni kigumu kisiginoni. Kinakunjika kwenye vidole tu, si katikati. Vidole vipate pa kuchezea. Na la mwisho kalirudia: nisikivae mara ya kwanza siku ya safari. Nikizoee kwanza.

Kwetu sisi kitu kipya hakiguswi mpaka siku yenyewe. Marehemu mume wangu alioa na viatu vilivyokuwa havijakanyaga sakafu, harusi nzima akacheza kama anakanyaga makaa. Safari hii nitavunja utaratibu.

Ijumaa, 7 Agosti

Nimemwambia wifi. Dada wa marehemu, nyumba ya pili, na safari yupo: atakaa, atakula, atatoa maoni. Kacheka sana.

— Wifi, wewe kwenye Joka? Wigi litatua nchi jirani!
— Sivai wigi mimi.
— Basi meno.

Kesho anakuja dukani nami. Anasema anakuja kunizuia nisinunue viatu vya nesi. Yeye miguu yake ni midogo, hilo anapenda watu walijue. Tangu ujana wetu anavaa namba ndogo na kuitaja kama cheo.

Jumamosi, 8 Agosti

Duka la viatu asubuhi. Tumefukuzwa! Kwa adabu, lakini tumefukuzwa. Muuza viatu kaniuliza nitatembea saa za asubuhi tu au siku nzima. Nikasema siku nzima. Basi rudi jioni, Mama, mguu ukiwa umeshachoka na kutanuka, ndio mguu utakaopanda nao hilo Joka. Wifi kasema huyu mtu hataki kuuza. Tumerudi jioni.

Raba za kwanza: nyekundu, mstari wa dhahabu ubavuni. Nilizipenda hapo hapo. Nikajiona kwenye kioo, nikajigeuza, nikajigeuza tena. Hatua ya tatu kisigino kikapiga kelele. Kwaheri, wekundu.

Za pili: pana kama mitumbwi. Wifi kacheka mpaka kakaa juu ya maboksi ya watu.

Za tatu: kijivu. Rangi ya maji ya kudekia. Hazina uzuri wowote, hata ukizihurumia. Nimeingiza mguu... kimya. Nimetembea mpaka mlangoni. Kimya! Nimeruka kidogo, mwanamke mzima, mbele ya watu. Kimya!

Tatizo: mguu wa kulia umevimba, unataka namba kubwa. Wa kushoto unataka ndogo. Nikivaa ndogo wa kulia unabanwa, nikivaa kubwa wa kushoto unaogelea. Muuza viatu kakuna kichwa. Nilijua ndiyo basi tena. Nikaanza kuzivua.

Hapo wifi akaacha kucheka. Akainama, akavua kiatu chake cha kushoto. Sijawahi kuona mguu huo peku miaka yote ya uwifi wetu. Kifundo kimechomoza pembeni ya dole gumba, chekundu, kinang'aa. Kasema kwa sauti ndogo, wifi, mimi pia naumia. Nimejibana miaka, namba ndogo hainienei. Wa kulia bado unaenea, huu wa kushoto ulishakataa zamani.

Nilimwonea huruma mpaka nikasahau kumcheka. Kisha tukatazamana. Mimi kulia kubwa, kushoto ndogo. Yeye kushoto kubwa, kulia ndogo. Jozi mbili, tuchanganye!

Muuza viatu katutazama kama tumemwomba atuuzie mlango. Halafu kaangua kicheko, kapanga raba za kila mmoja kwenye boksi lake. Wifi kabeba boksi, mimi boksi, tumerudi tunacheka njia nzima. Wa kulia wangu unauma sasa hivi ninapoandika, lakini najisikia mshindi.

Jumatatu, 10 Agosti

Balaa. Nimevaa raba saluni ili nizizoee. Mpaka mchana wa kulia unabanwa kama mlango umeufungia, wa kushoto unatoka kila nikigeuka. Hazikuwa hivi dukani! Nimemtukana yule muuza viatu kimoyomoyo, kisha kwa sauti. Mteja niliyekuwa namsuka kauliza kama nasema naye.

Nimerudi kwenye ndala. Jioni kisigino kimelipuka. Nimekaa sakafuni na chupa ya barafu chini ya unyayo, chozi limenitoka. Si maumivu tu. Namwona Kiroboto pale chini ya ubao, urefu anao, na mtu wa kukaa naye hana. Siwezi kumfanyia hivyo.

Jumanne, 11 Agosti

Wifi kaingia anachechemea, kashika raba mkononi kama anakwenda kupiga mtu. Zake pia! Kushoto panaua, kulia panapwaya. Tumeondoka hapo hapo kwenda dukani, mimi nachechemea kulia, yeye kushoto, tukigongana mabega. Watu wametupisha njia.

Tumefoka kwa zamu. Muuza viatu katuacha tumalize. Kisha kapiga magoti, kaangalia ndani ya raba zangu, kaangalia za wifi. Kauliza taratibu, nani alibeba boksi lipi?

Kumbe! Raba zangu alizitia kwenye boksi lililoandikwa namba ndogo, za wifi kwenye la namba kubwa. Siku ile alituonyesha, tukaitikia. Na wifi, kabla hatujatoka, kanyakua boksi la namba ndogo. Kwa nini? Kwa sababu hawezi kukatiza mtaani na namba kubwa kwapani! Watu wangesoma!

Kakiri mwenyewe. Kafunika uso kwa mtandio, kasema wifi nisamehe, mkono ulikwenda wenyewe. Nilitaka kukasirika. Nilianza vizuri kabisa. Halafu nikacheka mpaka nikamshikilia muuza viatu bega nisianguke. Tumebadilishana palepale, tumekaa kwenye kiti kimoja. Kimya kimerudi. Wifi naye kanyoosha miguu mbele yake, kavichezesha vidole humo ndani.

Jumatano, 12 Agosti

Nimenyoosha mguu ukutani kabla ya chai. Nimevaa raba kutwa kazini. Hata kurudi nyumbani nimerudi nazo.

Jioni nimekwenda kuuzunguka uwanja wa mpira na Kiroboto. Yeye mbele, arudi, mbele, arudi. Atakaa kiti cha kwanza. Atainua mikono yote miwili. Hatafumba macho hata kidogo. Darasa zima limeshaambiwa, na mwalimu. Tukiwa upande wa pili akapunguza mwendo, akauliza kama watu huwa wanaanguka. Nikamwambia kuna mikanda, na kuna chuma kinakushika mabega. Akasema anajua, anauliza tu kwa niaba yangu.

Kisigino kilinung'unika kidogo kwenye changarawe. Kidogo tu. Nalala na matumaini.

Ijumaa, 14 Agosti

Soksi nzito, plasta, maji, kofia. Mkwe kapewa kazi ya kupiga picha kutoka chini, kashukuru kuliko alivyoshukuru siku ya kupewa mke. Binti kasema, Mama, ukichoka useme. Nitasema. Uongo, sitasema.

Jumamosi, 15 Agosti

Naandika nimesimama — nimesimama! — kwenye foleni ya Joka. Foleni imekwama, fundi yuko juu na spana anakagua kitu. Hakuna la kufanya, nimetoa daftari.

Nimefika! Kutoka getini, kupita bembea, kupita magari ya kugongana, kuzunguka ziwa lote. Nimepumzika kwenye benchi kidogo, wifi kapumzika zaidi, na raba zetu za maji ya kudekia zikatutangulia kama dada mapacha. Msichana mmoja kamsifu wifi raba zake. Wifi kamtajia namba! Kubwa! Kwa sauti!

Kisigino kipo, nakisikia, lakini kama redio ya jirani.

Kwenye ubao Kiroboto kasimama kama askari, mguu sawa. Amepita, nafasi imebaki. Kapigwa muhuri mkononi. Ameonyesha kila mtu kwenye foleni, mbele na nyuma.

Sasa tuko karibu sana na lango. Joka likipita juu yetu nguzo zinatetemeka, na watu wanapiga mayowe wote kwa pamoja, kisha kimya, kisha mayowe tena. Jamani, nalitaka! Sikumbuki lini mara ya mwisho nilitaka kitu changu mwenyewe namna hii. Nilidhani nimekuja kwa ajili ya mtoto.

Fundi ameshuka. Foleni inasogea.

Kiroboto hajaruka tangu tusimame hapa. Sasa hivi kanivuta mkono, kaninong'oneza.

— Bibi, kisigino kinaniuma.

Nimemwambia anionyeshe. Kapiga hatua mbili. Kiuno kimetoka pembeni, mkono unatafuta cha kushika, midomo imeingia ndani, na ile "sss" kwa meno. Ni mimi! Mimi mzima, asubuhi, njiani kwenda bafuni. Sikujua kama kuna mtu ananitazama.

Nimemuuliza kisigino kipi. Kaangalia miguu yote miwili. Kafikiri. Kachagua cha kushoto.

Sijacheka. Nimejiuma ulimi. Chini kwenye uzio mkwe ameshainua kamera, wifi anapunga mtandio, binti kashika tumbo kwa mikono miwili. Kiganja cha Kiroboto kimelowa ndani ya changu. Nimemwambia tunaweza kurudi, hakuna atakayesema kitu, au twende hivyo hivyo na kisigino chake, polepole, mimi najua kinavyotembelewa. Ananitazama raba.

Mama wa langoni anasema wawili wanaofuata. Ni sisi. Anasema weka daftari, Mama. Kiroboto anachechemea — lakini anachechemea kwenda mbele — sasa kasimama kwenye mstari wa njano, mguu mmoja huku, mmoja kule, na mkono wangu bado hajauachia. Naweka daftari, tunaingia.