Vuka Barabara Kwanza

Mwende mjukuu wangu,

Hapa Kikima tuko wazima. Nyanya yako anakusalimu sana, na ng'ombe amezaa ndama jike.

Umeuliza kama zile herufi za kujionyesha, zenye vijiguu, nene huku na nyembamba kama uzi kule, zinafaa bango la saluni ya rafiki yako. Umenikumbusha nikiwa fundi kijana wa kuchora mabango pale Kwa Vonza. Kanisa moja lilinipa bango la barabarani, nami nikaandika kila kitu kwa herufi hizo, hata saa za ibada. Nyuzi, yaani ile mistari myembamba ya herufi, nilizichora kwa brashi niliyoipunguza hadi zikabaki nywele tatu. Wazee wa kanisa walisogea karibu, wakasifu.

Msichana mmoja wa kwaya akavuka barabara, akageuka, akacheka. "Fundi, huku naona nguzo za fensi tu!"

Nilikasirika, lakini nikavuka. Jina la kanisa, kwa ukubwa wake, lilipendeza kweli. Chini yake, kwenye saa za ibada, nyuzi zote zilikuwa zimepotea, ikabaki mistari minene tu, kama nguzo. Nikazifuta, nikaandika upya kwa herufi za kawaida.

Basi jina la saluni lijidai, namba ya simu itulie. Lakini nieleze: wewe unayechora kwenye kompyuta, unavuka barabara gani?

Yule msichana bado hasifu kazi yangu kabla hajaenda kuitazama kwa mbali. Ndiye huyo anayekusalimu.

Babu yako