Mashungi ya Ndago

3 Aprili

Binti yangu,

Marahaba, maana najua umeniamkia kabla hujafungua bahasha. Mimi nadunda. Masikio ni yale yale, nyundo imeyala, kwa hiyo usihangaike na simu. Dukani viatu vimejaa kama vimeitwa mkutanoni.

Hesabu ya ndago zako katika ile miraba uliyoiwekea vigingi hii hapa: mraba wa kwanza mashungi 41, wa pili 38, wa tatu 52. Kinamasi kimejaa, nimelowa hadi magotini. Bua nimelisokota kwa vidole kama ulivyonifunza: lina pembe tatu, basi ni ndago, si nyasi. Watu wananiuliza mzee mzima nahesabu majani ya mlimani ya nini. Nawaambia binti yangu atakuwa daktari wa majani.

Andika, hata mistari miwili.

Baba yako, fundi viatu

28 Juni

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima.

Nimekasirika, sitakuficha. Aprili 41, 38, 52. Mei hivyo hivyo, Juni hivyo hivyo. Mwenzangu wa chuo alipita huko wiki jana. Mraba wa pili ng'ombe wameukanyaga, umebaki tope tupu. Hizo 38 umeziona wapi? Miaka yangu minne imesimama juu ya hesabu zako. Kama umechoka ungesema.

Usiniandikie tena mpaka uwe na hesabu ya kweli.

Binti yako

20 Julai

Binti yangu,

Marahaba. Nakuandikia nikiwa kando ya kinamasi, nimekalia jiwe, karatasi juu ya goti, kwa hiyo mwandiko uuvumilie.

Umesema kweli. Aprili ndiyo mara yangu ya mwisho kufika huku. Siku hizi nikifika kijito cha kwanza kifua kinabana, narudi. Nikawa nakunakilia ya Aprili, nikijipa moyo kwamba wiki ijayo nitapata nafuu. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi hata hiyo ilinishinda.

Nitakwambia kwa nini. Barua zako zote huanza na ndago na kuishia na ndago. Niliogopa nikisema siwezi tena, hutakuwa na la kuniandikia.

Leo nimetoka alfajiri, nimefika saa nane mchana. Wa kwanza 36. Wa pili hamna kitu, mwenzako hakukosea. Wa tatu macho yananichezea, basi kila shungi nikishalihesabu nalifunga kipande cha ngozi nisilirudie. Barua nampa mchungaji anayeshuka aipeleke posta. Ng'ombe ni wake, na nimemsema vya kutosha. Ya mraba wa tatu nitakuletea nikimaliza.

Usinikasirikie sana.

Baba yako

16 Agosti

Baba,

Shikamoo.

Shangazi alinipigia. Mchungaji alipopanda kesho yake alikukuta umeegemea lile jiwe. Barua yako niliipata siku niliyokuwa natoka kuja huku, nikaisoma kwenye basi. Nilipofika walikuwa wamekwisha kukuzika.

Mimi ndiye niliyekupandisha mlima. Shangazi ananikatalia, ananiambia siku yako ilikuwa imefika. Nimemwitikia tu. Nilikuwa na mengi ya kukuandikia yasiyo na ndago ndani yake, nikawa naahirisha kila mara, nikidhani upo.

Jana nimepanda. Nilivaa viatu vyako, soksi mbili kila mguu. Mraba wa tatu nimekuta umezungushia vigingi uzi mpya wa kushonea viatu. Mashungi ishirini na tisa yana ngozi. La thelathini ulilizungushia ngozi, hukukaza fundo. Nimelikaza. Vipande vilivyobaki vilikuwa kwenye kopo lako la misumari, nikaendelea navyo hadi mwisho.

Wa tatu ni 47, Baba. Nimerudia mara mbili.

Barua hii naiacha dukani, kwenye droo ulimokuwa unaweka zangu. Zipo zote, chache mno.

Hesabu ya kweli sasa ninayo. Niandikie.

Binti yako