Eda kwa Mwezi, Livu kwa Kalenda

Jumanne, mwezi 20 Mfungo Mosi

Siku ya mia na tisa ya eda. Mpaka jana nilikuwa nachora vijiti tu kwenye daftari hili, kijiti kimoja kila kukicha, nisije nikapoteza hesabu. Leo naandika maneno. Nyumba hii ina mambo, yakikaa kifuani yataniozea.

Mfaume mwanangu kapata livu. Siku kumi na nne! Bwana mkubwa wa ofisi yao kapiga muhuri. Tangu tumzike baba yake sijamwona anacheka vile, meno yote nje. Alasiri yeye na mkewe Mwantumu wakakaa ukumbini na karatasi kupanga safari. Mie niko chumbani nyuma ya pazia, nasikia kila kitu. Wanadhani mtu akiwa eda na masikio yake nayo yako eda.

Mwantumu anataka miji. Unguja, Tanga, maduka, sinema, aiskrimu. Mfaume anataka vijiji, alale, ale samaki, asisikie kengele ya ofisi. Walibishana weee! Mwisho wakagawa: siku saba za miji, siku saba za vijiji. Meli mpaka Unguja. Meli tena mpaka Tanga. Halafu lori la Pangani, washukie Kipumbwi. Kurudi njia ya Bagamoyo, na nusu siku Bunju.

Bunju kuna nini? Pori na ngedere. Nilitaka kupaza sauti niulize, nikashindwa, maana nilikuwa nimeshasikia Kipumbwi.

Kipumbwi yuko Mwajabu wangu.

Jumatano, mwezi 21 Mfungo Mosi

Mwajabu ndiye kitinda mimba. Shule sikuingia mie, herufi za Kiarabu kanifundisha bibi yangu, kwa kijiti mchangani. Na mie nikamfundisha Mwajabu hivyo hivyo. Mfaume alisoma chuoni kwa fimbo. Yule alisoma kwangu kwa kashata.

Mwaka ule vita inakwisha akampenda Salumu, fundi mwashi, kijana mtaratibu. Mume wangu Mwishehe akauliza baba yake nani. Akaambiwa baba yake alikuwa mtumwa kwenye mashamba ya miwa Pangani. Basi! Kama kaambiwa mtu ana ukoma. Wakaoana kwa kadhi Bagamoyo bila yeye. Mwishehe akasimama ukumbini, mbele ya watu, akala kiapo: siku Hamisa atakapomfungulia Mwajabu mlango huu, Hamisa kaachika, talaka tatu.

Hamisa ndiye mie.

Alikuja mara moja, masika, na mtoto mgongoni. Mwishehe akamfukuza mlangoni. Nilikuwa nyuma yake, ningefanya nini? Ndivyo ilivyokuwa.

Miaka minane. Sasa Mwishehe yuko chini, na kiapo chake alale nacho hukohuko. Watu wananipa pole, namkalia eda mtu aliyenikalia kooni miaka thelathini na tisa. Nakaa kwa sababu ya Mungu. Si kwa sababu yake.

Nitakwenda Kipumbwi.

Alhamisi, mwezi 22 Mfungo Mosi

Nimemwambia Mfaume. Kakaa kizingitini, kakuna kidevu. Akaja na ile kalenda ya ukutani yenye picha ya Malkia. Eti eda yangu inakwisha Ijumaa, tarehe kumi na sita ya mwezi wa saba. Meli inaondoka Jumatano, tarehe kumi na nne. Siku mbili, Mama, kasema, siku mbili tu zimetunyima.

Nikamwambia asogeze livu. Kasema muhuri umeshapigwa. Nikamwambia mie nilimbeba miezi tisa na siku nne, hizo nne za ukaidi wake, na sikumpigia muhuri. Kainama. Nyuma yake nimemsikia Mwantumu anashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Mchawi yule! Nikamwambia wali wake wa jana tuupeleke kwa mafundi wakandikie ukuta.

Mjukuu wangu Chausiku kaja kunipaka mafuta kichwani. Mwishehe alikuwa akimwita mke mdogo. Kaniuliza, Bibi, na mie mbona sikai eda? Nikamwambia wewe mke mwenzangu una bahati, umefiwa hujafaidi wala hujapigwa. Kacheka, kisha kauliza, Babu alikuwa anapiga? Nikamwambia apake mafuta, aache maneno.

Anaona naandika, anadhani naandika dua. Aendelee kudhani.

Jumapili, mwezi 25 Mfungo Mosi

Jirani Apolonia katoka kanisani kapitia kwangu, kaniletea mkungu wa ndizi za kwao Bukoba. Shikamoo Bibi, bado tu umefungwa? Kasema Polikarpo wake akifa atakaa siku mbili, ya tatu yuko sokoni na kitambaa kipya. Nikamwambia nitamwambia Polikarpo. Kasema Polikarpo anajua.

Kacheka yule mwanamke mpaka kikombe kikamwagika. Nampenda. Ana mdomo kama wangu, ila wake umebatizwa.

Mwantumu anashona gauni la Unguja. Rangi ya embe bivu. Na mwili ule! Sijasema kitu. Nimesema kidogo.

Ijumaa, mwezi 1 Mfungo Pili

Mwezi umeandama jana magharibi. Nimeuona mwenyewe kupitia dirishani, mwembamba kama kipande cha ukucha.

Nikafungua daftari kuchora kijiti. Nikahesabu. Nikahesabu tena. Mwishehe kafa mosi Rajabu, mwezi umeandama. Rajabu, Shaabani, Ramadhani, Mfungo Mosi. Miezi minne imetimia leo! Bado siku kumi. Mie natoka eda Jumapili ya wiki ijayo, jua likizama. Na meli ni Jumatano. Siku tatu kabla!

Mfaume kahesabu kwa mwezi wa Malkia.

Mtoto aliyehitimu juzuu thelathini! Tukamchinjia mbuzi! Anahesabu eda ya mamake kwa kalenda ya ofisini kama anahesabu mshahara. Ndiyo kazi ya ofisi hiyo, inamla mtu kichwa anabaki na tai.

Jumamosi, mwezi 2 Mfungo Pili

Nimemwita Mwalimu Sadallah wa chuoni. Kakaa ukumbini, mie nyuma ya pazia, Mfaume katikati, nilimtaka awepo. Nikauliza: eda inahesabiwa kwa nini? Mwalimu kasema kwa mwezi wa mbinguni, hata mtoto wa alifu anajua, kwani nani kasema vingine? Nikasema muulize huyo aliyekaa karibu yako, mwenye kalamu mfukoni.

Nimefaidi! Sikumwacha. Nimemwuliza mbele ya mwalimu wake, na sala tano siku hizi mnahesabu kwa honi ya bandari?

Nilingoja aone haya. Hakuona haya. Nilifungua pazia kidogo nikamtazama usoni, nikaona mtu anaogopa. Anaogopa nini? Gharama za nauli? Nina kikuku changu cha fedha, nitakiuza.

Mwantumu kasema kutoka jikoni, taratibu, Mama si ungepumzika tu nyumbani. Nikamjibu kwamba kupumzika nitapumzika nikizikwa, na yeye ndiye atakayenipeleka huko kwa ule mchuzi wake.

Jumanne, mwezi 5 Mfungo Pili

Nimepika visheti debe zima. Mwajabu akipenda visheti vya hiliki, akiviiba kabla havijapoa, vidole vyekundu. Nimetoa na kanga sandukuni, pea moja, haijafuliwa hata mara moja. Nimeinunua mwaka wa pili baada ya yeye kuondoka, nikaificha chini ya nguo za Mwishehe. Palepale chini ya pua yake.

Mtoto yule wa mgongoni sasa atakuwa na miaka minane. Sikujua wa kike au wa kiume. Alikuwa amefunikwa.

Mfaume hali. Anazungusha tonge.

Jumatatu, mwezi 11 Mfungo Pili

Jana nimetoka eda. Wanawake wamenikosha, wamenivisha, Apolonia kapiga vigelegele vya kikwao mpaka kuku wakaruka. Leo nimesimama barabarani nikaona watu. Temeke imeota mabati, siku mia na ishirini na nane tu!

Asubuhi nikamwambia Mfaume alete tikiti yangu niione. Kasema nafasi zimejaa. Nikasema nitakaa sitahani na kuku. Kasema hawaruhusu. Nikasema basi mwambie nahodha anitoe mwenyewe, kwa mikono yake. Mfaume kainuka kaondoka, chai yake kaiacha.

Mwantumu akaingia chumbani kwangu, akafunga mlango. Hajapata kufunga mlango wangu tangu aolewe. Nikajiweka tayari kwa ugomvi. Akakaa chini, mkekani, akatoa barua kifuani.

"Mama, mie nilisema uambiwe toka mwanzo. Mumeo alipokufa, Mfaume alimwandikia dada yake, na dada yake kajibu. Mfaume akasema bora eda ibebe lawama."

Herufi za Kiarabu. Sikuhitaji kuuliza za nani. Nuni yake bado anaikunja mkia kama nilivyomfundisha.

Nimeinakili hapa, neno kwa neno, ili isije ikafichwa tena.

Kaka Mfaume, salamu. Msiba wa baba nimeupata, Mungu amrehemu. Mie nimemsamehe, hakujificha alivyokuwa. Njoo na wifi yangu na mtoto, nimewatandikia vitanda. Mama asije. Siku ile baba alikuwa Pugu, nilishaambiwa, ndiyo maana nikaja. Nilikuja kumwonyesha somo yake. Alikuwa na homa, nilitaka mahali pakavu tu, mpaka mvua ikatike. Mama akasema hapa hapana mtu. Hamisa tulimzika Bunju, kesho yake. Mkirudi tutafuatana mpaka hapo tukamsomee, kisha sie tutarudi kwetu na nyie mtakwenda kwenu.

Nimemwuliza Mwantumu kama kaisoma. Kasema Mfaume kamsomea, akilia. Nikamwambia atoke. Akafika mlangoni akarudi, akanifunika miguu na shuka. Mwezi wa saba, kibaridi.

Jumanne, mwezi 12 Mfungo Pili

Nimeandika uongo. Humu, ambamo hasomi mtu.

Mwishehe alikuwa Pugu. Kaenda kukata fito, kalala huko siku mbili. Nilikuwa peke yangu na mvua. Nikasikia, Mama, ni mie. Nikashika komeo kwa mikono miwili. Si kulifungua. Kulizuia.

Niliogopa majirani. Nikajiona nimeachika, kisanduku kichwani, narudi kwa kaka yangu na mkewe anahesabu vijiko. Mtoto alikuwa analia kwa sauti kavu, ya mtoto anayeumwa. Nimelea watoto saba, ninaijua sauti hiyo. Niliijua palepale.

Nikasema, "Hapa hapana mtu."

Kasimama mpaka mvua imepungua. Kisha nikasikia miguu kwenye tope.

Hamisa. Alimpa jina langu na kiapo kile kimeshaliwa.

Visheti nimempa Apolonia vyote. Kauliza kulikoni. Nikamwambia vimechacha.

Jumatano, mwezi 13 Mfungo Pili

Teksi imefika. Masanduku yao matatu yako barazani, Mwantumu ndani ya gauni lake la embe bivu. Limempendeza. Sijamwambia.

Mie nimevaa buibui. Kisanduku changu kimefungwa kamba, kiko hapa chumbani, sijakitoa nje.

Mfaume kaja kuniaga, kasimama mlangoni, haingii. Nikamwambia meli yenu nendeni, sitaki tikiti. Nikampa ile kanga. "Mpe Mwajabu. Sema umeinunua wewe." Akaipokea kwa mikono miwili kama mtoto.

Kisha nikamwambia nataka neno moja tu kwenye hiyo karatasi yake. Bunju ni siku gani?

Akaitoa mfukoni. Akaisoma kimya. Hizo herufi za Kizungu sizijui, na anajua sizijui.

"Mama, alisema usije."

Nikamwambia, "Kasema nisiende kwake. Bunju yuko somo yangu." Sitamkaribia Mwajabu. Nitakaa upande wa pili wa barabara, nitajifunika, wasome, waondoke. Akiniona akinitupia jiwe ni haki yake, mie nitakaa. Mfaume anitajie siku, kwa mwezi au kwa kalenda, yoyote ile. Kugeuza najua.

Teksi imepiga honi mara ya pili. Chausiku anaita, Baba, tutaachwa.

Naandika huku ananitazama. Nimeshaandika Bunju, nimeandika Mfungo Pili, na katikati nimeacha nafasi ya tarehe. Kasimama vilevile, karatasi mkono mmoja. Mkono wa pili umeshika komeo.