Ndoo ya Njano

Alhamisi, 28 Novemba 2024

Mvua zimeanza! Kumbikumbi wamejaa ukutani, nimejaza beseni kabla chai haijachemka. Sisi wazaliwa wa Kilolo hatusubiri kuambiwa. Baba Eveline karudia yale yale ya tangu tuoane: wadudu hawaliwi nyumbani kwake. Haya bwana. Akienda kazini nawakaanga.

Ijumaa, 29 Novemba

Redioni mtaalamu wa lishe — wadudu wana protini, siku hizi wanasakwa mpaka mahotelini! Nikaongeza sauti. Baba Eveline akazima.

Nimewakaanga kwa mafuta yao wenyewe, nikaanika, nikapepeta mbawa. Nimewaficha kwenye ndoo ya njano, pembeni ya ndoo ya maharage. Lakini nimechoka! Chakula cha kwetu nakila kwa kujibanza kama mwizi. Nataka siku moja nikile mezani, kwenye sahani, na yeye amekaa pale pale.

Jumapili, 1 Desemba

Jamani, jamani! Baba Eveline alitangulia kanisani na ndoo ya maharage ya sadaka. Kumbe kabeba ya kwangu!

Mimi nimejua mnadani, baada ya ibada. Mzee Saulo, ndiye hunadi sadaka, kafunua mfuniko mbele ya watu wote. Baba Eveline anatazama viatu vyake. Mzee Saulo akaonja mmoja. Akachota kiganja kizima. Akauliza nani kawakaanga hawa. Nikanyoosha mkono juu kabisa — mimi!

Weee! Mama mchungaji anapandisha bei, wanakwaya wanachangishana, wifi yangu Happy — huyo huyo anayeniita mla wadudu — anapiga kelele asirukwe. Mara Baba Eveline naye kaanza kupandisha. Alitaka airudishe ndoo akaifiche, namjua! Watu wakapiga vigelegele: kumbe Baba Eveline anawapenda hivi! Kila akipandisha wanamshangilia, atarudije nyuma? Kashinda. Kaibeba mwenyewe hadi nyumbani Ilomba, huku akipongezwa njia nzima. Nyuma yake mimi, nacheka mpaka kanga inalegea. Na mama mchungaji anataka nimfundishe!

Sasa niko chumbani naandika. Jikoni kuna mtu anatafuna. Karanga hatuna.

Ananiita. Mama Eveline, chumvi umeweka wapi?

Nimemjibu iko mezani. Sahani pia ziko mezani.

Kiti kinaburutwa —