Taa za Saa ya Baba

Kaka yangu,

Sisi hatujambo, ila paa la jikoni limeanza tena kuvuja. Zile taa nne za kioo ulizomtumia Baba zilifika nzima, na saa aliyokuwa akiiunda mwenyewe imekamilika. Tarakimu zinawaka ndani ya kioo kama makaa. Ameipanga ihesabu kama tusemavyo sisi: saa moja asubuhi inaonyesha moja, si saba. Mama anamtania, "Mzee, umeniolea mke mwenza wa kioo." Naye hujibu, "Huyu angalau haniulizi nilikuwa wapi."

Juzi aliniita. "Mwanangu, hebu ongeza umeme, taa zinafifia." Nikatazama. Zilikuwa zinawaka hadi mwanga umefika ukutani. Nikamwambia nimeongeza. Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, akasema, "Bado."

Daktari wa macho alishatuambia, mimi na Mama, kwamba macho ya Baba hayana dawa wala upasuaji. Baba tulimwambia ni uchovu tu.

Sasa amenituma nikuandikie kwamba taa ulizotuma zimechoka, umtafutie nyingine. Hakulaumu. Anasema muuzaji alikuona mpole, akakubambikia mbovu.

Agizo nimelifikisha. Ukizituma, atazifunga mwenyewe kwa kupapasa, kisha ataniita tena niongeze umeme. Usipozituma, ataniuliza kila siku kama zimefika. Nimeyapima yote mawili, kaka, na sijui nikuombe lipi.

Ni mimi,
dada yako