Jibu NDIYO

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Na hayo mashuka ya hoteli unayofua, hayajakumaliza mikono? Mimi sijambo. Goti tu ndilo linalalamika asubuhi, nikishatembea hadi mlangoni linanyamaza. Wifi yako hajambo, anakusalimia, amekaa hapa anamenya viazi.

Ulisema nisipige simu hata moja mpaka tujue bili ya mwezi uliopita ilipandaje, basi nimeshika kalamu. Sijapiga. Namba yako naitazama tu. Lakini lazima nikuambie, hii simu uliyonipa ni kitu cha ajabu. Nilidhani nitaiogopa. Wifi yako alinikuzia maandishi yakawa makubwa kama ya bango la zahanati, sasa nasoma mwenyewe kila kinachoingia. Na vinaingia vingi! Miaka thelathini na mmoja nilikaa masjala napokea barua, nagonga muhuri, napeleka kwa wakubwa, na hakuna hata moja iliyokuwa yangu. Nimestaafu, ndiyo kwanza watu wananiandikia mimi. "Mpendwa mteja," wanasema. Wana adabu kweli.

Nina maswali. Nani huyo anayekaa upande wa pili anaandika zote hizo? Analala saa ngapi? Na bili, inahesabu dakika au inahesabu vidole vyangu? Jana niliikazia macho simu nusu saa nzima, nikitaka kuikamata inavyokula hela. Haikufanya lolote. Wifi yako alinicheka mpaka akaangusha kisu.

Nijibu upesi, unajua sipendi barua ikilala.

Mama yako


17 Machi

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Pole na goti, usilibembeleze sana, litembeze. Mimi mzima, ila wamenihamishia kwenye mashine ya kupigia pasi, na joto lake usiseme.

Mama, bili ya pili imekuja. Laini iko kwa jina langu, kwa hiyo inanijia mimi, na safari hii ni mara mbili ya ile ya kwanza. Imekula nusu ya mshahara. Na simu hakuna iliyopigwa! Nilienda ofisini kwao, nikapanga foleni, dada wa dirishani akanionyesha mstari mmoja: "Huduma za ziada." Nikamuuliza ziada ya nini. Akasema mwenye simu ndiye anayejua. Nimewaza mpaka kichwa kinauma. Data ulizima kama nilivyokuonyesha? Video hazijichezi zenyewe? Kuna mtu anaiazima?

Hapa naomba usome peke yako, na wifi usimwambie. Ndani ya nyumba mko wawili. Wewe ulikuwa hujui hata pa kuiwashia, yeye ndiye aliyekukuzia maandishi, maana yake simu hiyo anaijua kukuzidi. Kaka alipofariki nilidhani atarudi kwao. Huu mwaka wa tatu bado yuko hapo. Anaishi na nini? Simsingizii, lakini wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hiyo simu usiiache mezani, tembea nayo.

Bili ya Aprili ikija hivi tena, nitaifunga laini. Roho itaniuma, najua unavyoifurahia, lakini sina jinsi.

Mwanao


11 Aprili

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi ni mzima. Nimechelewa kukujibu, na katika maisha yangu yote ya kazi sikuwahi kulaza barua zaidi ya siku tatu, kwa hiyo ujue kuna jambo.

Nilikuficha kitu. Nina mtoto wa jicho, macho yote mawili, mwaka wa pili huu. Kuandika naandika kwa mazoea, mkono unajua njia. Maandishi makubwa ya simu nayaona. Mwandiko wako siuoni. Sikutaka uache kazi uje kunishika mkono, nikanyamaza. Barua zako zote ananisomea wifi yako.

Na hiyo pia alinisomea.

Alipofika pale pa "usome peke yako" alitua kidogo. Nikamwambia endelea, nikidhani umepata mchumba. Akaendelea. Alisoma yote, mwanangu, neno kwa neno, na methali yako, kwa sauti ile ile, mpaka "Mwanao". Kisha akaikunja kwenye mikunjo yake na kuniuliza chai nitakunywa sasa au baadaye.

Kesho yake mchana alinipangia dawa za wiki nzima, akafua, akaanua, akakunja, akasema anahamia kwa dada yake, mtaa wa nyuma ya soko. Nilimsihi. Akasema, "Mama, na wewe sina ugomvi." Ufunguo wake ameuacha mezani. Sasa mtoto wa jirani ndiye ananiletea maji, na anayamwaga nusu ngazini.

Uliuliza anaishi na nini. Anashonea watu mashati. Dawa zangu za presha ananinunulia yeye. Hilo nalo nilikuficha, maana wewe ungetaka kulipa na huna.

Haya, tuje kwenye hiyo simu. Wiki ya tatu hii wifi yako hayupo, na jana watu wa simu wameniandikia kwamba matumizi ya mwezi huu tayari yamepita ya mwezi uliopita. Nani anakula, basi? Panya? Nataka kujua, na sasa nataka kwa hasira. Nimelitoa daftari langu la barua zinazoingia na zinazotoka, ninalo tangu siku ya kwanza, nimeliandika kwa herufi kubwa ili niyaone. Nakunakilia kidogo, huenda wewe utaona nisichokiona.

Imeingia: Mpendwa mteja, unataka kujua nyota yako? Jibu NDIYO. Imejibiwa siku hiyo hiyo: NDIYO.

Imeingia: Mpendwa mteja, pata siri za ndoa yenye furaha. Jibu NDIYO. Imejibiwa: NDIYO. Mimi ni mjane, lakini mtu amekuuliza kwa heshima utamnyima jibu?

Imeingia: Vichekesho kila siku, jibu NDIYO. Imejibiwa. Havichekeshi.

Imeingia: Matokeo ya mpira. Imejibiwa. Sijui ni timu gani hizo.

Ziko kumi na nne. Zote zimejibiwa, hakuna kiporo hata kimoja.

Mama yako


18 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeandika kwa ile kalamu nene tunayoandikia namba za vyumba kwenye mifuko ya nguo chafu. Natumaini hii unaisoma mwenyewe.

Nakuja kwa ajili ya macho yako. Nimeshaomba ruhusa, usibishe.

Nimepata anayekula. Ni NDIYO. Ukiwajibu NDIYO umejiunga, na wanakukata kila siku, usome usisome. Umejiunga mara kumi na nne, Mama. Na hakuna mtu upande wa pili. Ni mashine, inamwandikia kila mwenye simu "mpendwa". Nilicheka mpaka wenzangu wakazima mashine kunisikiliza. Halafu nikaikumbuka ile barua yangu, nikaenda kulia stoo, katikati ya mataulo.

Fanya hivi. Rudi kwa kila mmoja wao, mwandikie ACHA. Akija mwingine, msome ukitaka, lakini usimjibu. Najua itakuwasha. Mimi nimerudi kwa yule dada wa dirishani, ameweka kikomo: bili ikifika hapo, inasimama. Laini siifungi.

Karatasi ya pili nimeiandika kwa herufi ndogo makusudi. Usihangaike nayo, wala usimpe jirani. Nenda nyuma ya soko, umwombe wifi akusomee.

Mwanao


Wifi,

Shikamoo sikupi, tuko rika moja, lakini leo ningeweza kukupa.

Mama amekaa hapo mbele yako anasubiri umsomee. Msomee au usimsomee, ni juu yako. Nilikuita mwizi. Aliyekuwa akila ni kidole cha Mama na adabu zake za masjala, atakueleza mwenyewe. Nilikuita mwizi na sikujua kwamba sauti itakayoyasema hayo ni yako.

Kila siku nikiwa kwenye pasi nakuona umefika kwenye ile methali. Kwa nini hukuiruka? Ungesema barua imeishia hapo, Mama asingejua, na mimi nisingejua mpaka nakufa. Nimekosa. Nimeuliza unaishi na nini, na kumbe dawa za mama yangu zinatoka kwenye sindano yako. Naona haya hata kuandika jina lako. Nisamehe, wifi. Kama huwezi sasa, nitasubiri.

Wifi yako


5 Mei

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Pasi imekupunguzia ukali? Mimi sijambo, na barua yako nimeisoma kwa macho yangu mawili mabovu, nikajisikia nimepandishwa cheo.

Ile ya pili niliipeleka. Nilitembea mwenyewe hadi nyuma ya soko, goti likininung'unikia njia nzima. Nilimkuta anashona vifungo kwenye shati. Alisoma mstari mmoja kwa sauti, akanyamaza. Nikamwambia endelea. Akasema, "Mama, hii ni yangu." Akaisoma kimya, akaianza tena, mimi nikimtazama mdomo utafikiri nasubiri majibu ya hospitali. Kisha akaikunja akaitia mkobani. Barua iliyokuja kwa jina langu! Sikuidai. Aliniuliza neno moja tu: "Alikuwa hajui kwamba nasoma mimi?" Nikamwambia alikuwa hajui, kosa la kuficha ni langu. Akanisindikiza mpaka kona, akarudi kwa dada yake. Siku nane hakuna neno.

ACHA nimewaandikia wote kumi na nne. Yule wa nyota nilimwongezea asante na kwaheri, hata kama ni mashine. Wa siri za ndoa hakujibu lolote, najiuliza ndoa yake mwenyewe ikoje. Siku ya kwanza simu ilivyokaa kimya nilidhani imekufa. Wapya wakija nawasoma, nafunga, nakalia mkono.

Naishia hapa. Kuna mtu anaitaka kalamu.

Mama yako


Wifi,

Sikuiruka kwa sababu Mama hajawahi kunituma nimsomee nusu ya barua. Nililia nilipofika kwa dada. Nimekusamehe, lakini bado panauma, kwa hiyo usiniharakishe.

Hospitali wametupangia Jumanne ya wiki ijayo. Wahi, tumshike wawili, mmoja kila upande, maana mwenyewe anasema ataenda bila kushikwa.

Na siku nyingine ukiwa na neno juu yangu, niandikie mimi. Anwani yangu ni hiyo hiyo ya Mama.

Wifi yako