Bibi ya Kwanza

Jumapili, 2 Juni 1957

Jino limeng'oka. Nimeamka sakafuni, mdomo umejaa damu — na nyumba kimya. Mke wangu Mbombo hayupo. Elise hayupo. Hata nguo za mtoto hazipo kwenye kamba.

Jana, siku ya posho, nilijaa lutuku, ile pombe ya magendo, kwa Mama Laurentine hadi kooni. Nikavunja kiti. Mumewe, Mwenze, akanitoa kwa ngumi. Hasira yangu kwa Mwenze nikaileta hapa, nikarusha pasi. Ukutani! Niliirusha ukutani. Lakini Elise alikuwa amesimama pale. Shimo liko sawa na kimo cha kichwa chake. Nimetia kidole ndani, nikatapika.

Nimekwenda kwa Badibanga, kaka yake Mbombo. Amenipokea na mpini wa sururu. Mwisho wa mwezi, anasema, dada yake na mtoto wanapanda treni ya Luluabourg, kama bado nanuka. Kunuka! Mimi!

Ndiyo, nanuka.

Alhamisi, 6 Juni

Mikono inacheza. Mashine ya kutoboa mwamba imenirusha chali, kapita, msimamizi wetu mgodini, akanitukana mbele ya watu wote. Ningekuwa na nguvu ningemvunja pua.

Bombani akanifuata Ngeleka, seremala wa kambi, yule wa jicho moja. "Tata Tshibangu, Siku ya Mungu kuya kwa Bilali. Tuko kule batu ba kuacha." Ati Jumapili niende kwa walioacha pombe! Nikakunja ngumi. Hakusogea. Akasema jicho la kwanza lilitolewa na mlevi mwenzake, la pili nichague mwenyewe kulitoa au kuliacha.

Kwa Bilali! Mwislamu, mwenye lori! Watasema Tshibangu anabadili dini. Ngeleka kacheka: ndiyo maana pazuri, polisi hawaendi kutafuta lutuku kwa Mwislamu.

Jumapili, 9 Juni

Nimetoka misa, nimekwenda. Wanaume wamekaa kivulini mwa lori. Kopo moja la maji linazunguka. Na kuna sharti: lutuku haitajwi. Jina lake linaamsha kiu, tena ua ni wa mabua, jirani akisikia ataita polisi. Inaitwa bibi ya kwanza, kama mke mkubwa. Kila mtu anasimama: "Mi ni Ngeleka. Nilisha kuacha bibi ya kwanza."

Nikacheka. Louis, fundi bomba, akanipiga kopo usoni. Nikamrukia. Tumegaragara kwenye matairi, vidole vyangu kooni kwake, meno yake begani kwangu, mpaka Bilali akatumwagia ndoo nzima kama mbwa.

Nilingoja kufukuzwa. Hakuna aliyenifukuza. Louis akachota maji tena, akanywa kwanza yeye, kisha akanipa — vile vile Laurentine anavyoonja mbele ya mteja, ajue hakuna sumu. Nikalia. Mtu mzima, kwa kopo la maji! Niliona haya, lakini nikanywa.

Jumatano, 12 Juni

Jasho. Nimepiga ukuta mpaka ngozi ya vidole imetoka. Sikwenda kwa Laurentine.

Jumapili, 16 Juni

Nimesimama. Nimepaza sauti kama mtu anayegombana: "Mi ni Tshibangu! Nilisha kuacha bibi ya kwanza! Sirudie kwake, hata banipige!" Wote wakapiga makofi. Nje ya ua niliona vitenge vinapita, wanawake wanatoka kwenye ibada. Wakasimama kidogo, wakaenda haraka.

Nina furaha. Nashangaa kuandika hilo.

Jumanne, 18 Juni

Naandika huku mlango unapigwa. Nisipoandika nitaua mtu.

Nilipotoka kazini Mwenze alikuwa njiani na mwenzake. Ati nawaharibia wateja. Wakaniangusha. Mmoja kanibana pua, Mwenze kanisukumia chupa mdomoni. Nikatema. Wakamimina tena. Nikatema! Nimemuuma Mwenze kidole mpaka mfupa, kalia kama mbuzi, nikakimbia. Shati limelowa lutuku. Nywele pia.

Sijakaa — Badibanga! Kavunja dirisha kwa mpini. "Toka, mbwa weye! Unaacha dada yangu mbele ya baislamu? Bibi ya kwanza, bibi ya kwanza, kambi muzima banasema! Bibi ya pili iko wapi?"

Kumbe! Vitenge vile vilinisikia. Ningecheka kama mbavu zisingeuma.

Nikapiga kelele kwamba bibi ya kwanza ni lutuku. Hakusikia, au hakutaka kusikia. Ubao mmoja wa mlango umepasuka. Nikashika pasi. Hii hii. Akiingiza kichwa nitakipasua, na ninajua nitaweza.

Halafu sauti ya Mbombo. Naye yuko nje! Mpini ukanyamaza. Akauliza polepole: "Tshibangu. Bibi ya pili ni nani?"

"Ni weye."

Niliona nimemkosea, kisha nikaona nimesema kweli. Miaka yote hii alikuwa wa pili, naye anajua kuliko mimi. Nilimsikia akivuta kamasi. Elise alikuwa anaita tata, tata. Badibanga akataka kuanza tena, Mbombo akamkatiza.

"Fungula mulango. Nataka kunusa kinywa."

Kinywa! Hata tone sikumeza, lakini kinywa kinanuka, ndevu zinanuka. Nani ataamini? Hapa ndani kuna maji kidogo ndooni. Nikinawa, atasema nimeficha. Nisiponawa, treni.

Anagonga tena. Kwa kiganja tu, si kwa mpini.

Pasi nimeiweka chini. Sinawi. Nafungua